Boti Iliyokwama Njombe

Makambako, 7 Januari 1957

Mvua. Barabara ya Njombe imekuwa uji, malori yamelala hapa njia panda, na madereva wamejaa kwenye vibanda vya chai wakinung'unika utadhani mvua nimeileta mimi. Mimi sina neno. Lori likilala kwenye unyevu betri inasumbua, na betri ikisumbua anaitwa nani? Anaitwa Lameki.

Jioni akaja Mchungaji Efraimu kutoka Njombe, matope hadi magotini. Akaniuliza mbele ya watu, "Lameki mwanangu, unaweza kufunga umeme kwenye boti?" Nikajibu naweza. Boti sijapata kuigusa maishani. Lakini mtu akikuuliza hivyo mbele ya madereva wote wa njia kuu, wewe ungejibu nini?

Njombe, 9 Januari

Nimefika juu ya magunia ya chumvi, nimelowa hadi soksi. Nimefikia kwa Shangazi Hulda.

Boti nimeiona. Kumbe ni dude! Ya mbao tupu, ndefu kuliko lori, imewekwa juu ya magogo kando ya zahanati ya misheni chini ya paa la nyasi. Watu wanatoka vijijini kuja kuishangaa. Bibi mmoja ameizunguka mara kadhaa, akauliza kichwa chake kiko upande gani.

Mchungaji amenieleza habari yake. Ni boti ya kubebea wagonjwa Ziwa Nyasa, kwenye vijiji visivyo na barabara. Imeletwa kutoka pwani ikiwa na injini lakini haina waya hata mmoja, na vifaa vyote viko kwenye makasha. Ilikuwa ishuke hadi Manda, ukingoni mwa ziwa, ifungiwe umeme huko, lakini mvua zimekata njia ya Ludewa. Mpaka Pasaka ipite haiendi popote. Basi Bwana Daktari, mkuu wa zahanati, ameamua kazi ifanyike hapa hapa.

"Na itahitaji fundi wa kukaa nayo ziwani," Mchungaji akasema. "Ukiifunga vizuri, kazi ni yako."

Moyoni nikasema, kwenye joto na mbu? Mimi? Thubutu.

"Nesi Priska naye anaenda nayo. Kwa miaka mitatu."

Nikakubali hata hajafunga mdomo.

Priska wa Anania, wa Mdandu. Tulisoma darasa moja. Alikuwa akinisahihisha nikisoma kwa sauti, darasa zima linacheka, na tangu siku hizo nampenda, na sijamwambia mtu. Yeye mwenyewe sijamwambia. Nikipata hiyo kazi nitamwambia, kwa sababu nitakuwa na la kusemea. Nisipoipata ataenda Manda bila mimi, na miaka mitatu ni mingi, na huko kuna walimu, na makarani, na wavuvi wenye vifua vipana. Mungu anisaidie.

10 Januari

Leo nimekutana na nahodha wa hiyo boti. Anaitwa Yoeli, mtu wa Manda. Alipanda kuja kuipokea, mvua ikamfungia huku. Baridi ya Njombe inamtesa: mchana kweupe amejifunika mablanketi mawili, meno yanagongana. Nikamsalimu kwa lugha ya kwetu, "Kamwene," akaniitikia kwa Kiswahili kupitia tundu la blanketi.

"Wewe ndiye fundi? Ziwa umewahi kuliona?"

Nikasema nimeuona mto Ruhuji, tena umefurika. Akacheka mpaka blanketi moja likadondoka. Simpendi mtu huyu.

14 Januari

Kazi imeanza. Mvua kutwa.

19 Januari

Kazi inakwenda. Taa nyekundu ya kushoto, ya kijani ya kulia, nyeupe ya juu ya mlingoti, kubwa ya mbele, na taa ya chumba cha wagonjwa, ambamo Priska atafanyia kazi. Hiyo nimeifunga kwanza. Nafunga kama ninavyofunga lori: waya mmoja kutoka betri hadi kwenye taa, na kutoka kwenye taa umeme unajirudia wenyewe kupitia chuma. Kwenye lori chuma ni gari lenyewe. Hapa nimetumia ule mkanda wa chuma uliopigiliwa chini ya boti. Kazi safi, haina fujo ya nyaya.

Priska anakuja akimaliza zamu, ananishikia taa ya mafuta nione kwenye pembe za giza. Anauliza maswali mengi. Nayajibu yote.

23 Januari

Waya umebaki! Nusu nzima ya robota haijaguswa. Waliouleta hawajui hesabu za nyaya, wameleta mara mbili ya unaotakiwa. Nimemwambia kila mtu niliyekutana naye. Akina mama wa zahanati walikuwa wanahangaika kwa kamba ya kuanikia mashuka, ile ya katani imeoza kwa mvua. Nikawafungia waya wangu kutoka mti hadi mti, kote uani. Wamenishukuru sana. Priska alikuwepo, alisikia.

24 Januari

Yoeli ni kichaa. Leo asubuhi nimemkuta ndani ya boti, amevua blanketi, anatetemeka kama kifaranga, ana ndoo mkononi. Akamwaga ndoo nzima ya maji juu ya swichi zangu!

Nikamrukia. "Una akili wewe?"

"Nazijaribu," akasema, akarudi kwenye blanketi lake.

25 Januari

Ndoo tena.

26 Januari

Ndoo tena. Nimemshitaki kwa Mchungaji. Mchungaji kasema, "Nahodha ndiye mwenye boti, mwanangu," akaniombea uvumilivu.

2 Februari

Nimekausha, nimefunga, nimekausha. Yeye anamwaga. Watu wa sokoni wameanza kuja asubuhi kutazama ugomvi wetu. Shangazi Hulda anasema ni bora kuliko mnada wa ng'ombe.

11 Februari

Ukungu, mkono wako huuoni. Viazi vya Shangazi vitamu.

16 Februari

Nimeijaribu kwa siri, Yoeli akiwa kwa fundi cherehani akishonewa koti. Betri imejaa, fyuzi nzima, nikabonyeza. Hakuna kitu. Haikuwaka taa hata moja. Nimepitia kila kiungo, vyote vimekaza.

Nimefikiri sana. Hii ni boti, iko nchi kavu. Lori nalo ukilitoa barabarani linakataa. Mkanda wa chuma umetengenezwa ukae majini, na maji yanapitisha umeme, hilo tulifundishwa shule. Boti inadai maji yake. Ikielea itawaka.

17 Februari

Nimemwambia Mchungaji hivyo, kwa uhakika kabisa. Akauliza maji ya kuelea boti hapa Njombe tutayapata wapi. Nikamwonyesha lile shimo la bondeni, chini ya kanisa, walikochimba udongo wa matofali. Mvua imelijaza, bata wanaogelea humo.

Yoeli kasikia. Hakucheka safari hii. Alinitazama tu, akasema, "Haya."

28 Februari

Mvua. Magogo yamekatwa ya kuivingirishia. Sina usingizi.

2 Machi, Jumamosi

Naandika kwa hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Walikuja wote. Kwaya, wazee wa kanisa, wagonjwa wenye nguvu ya kutembea, wachuuzi wa viazi na mizigo yao kichwani. Mchungaji Efraimu aliomba sala ndefu huku mvua ikimdondokea kwenye miwani. Wanaume wakaisukuma boti juu ya magogo, wakiitikiana, hee, hee, mpaka ikashuka shimoni na kuelea. Ikaelea kweli! Njombe nzima ikapiga kelele. Bata walikimbia na hawajarudi.

Mimi nilikuwa ndani, nimeshika mlingoti kwa mikono yote miwili. Ilikuwa inayumba. Hakuna aliyeniambia inayumba. Yoeli alisimama pembeni yangu wima, koti lake jipya limefungwa vifungo vyote, akasema, "Washa, fundi."

Nikabonyeza. Giza.

Nikabonyeza tena. Nikabonyeza zote kwa mpigo. Mvua tu ndiyo ilikuwa inasema. Shangazi Hulda, Mungu amsamehe, akapaza sauti kutoka ukingoni, "Lameki, mwanangu, labda imesinzia! Itikise!"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa kwenye matope. Damu ikanipanda. Nikamgeukia Yoeli, "Ni wewe! Wewe na ndoo yako mmeiua kazi yangu!"

Hakupandisha sauti. "Umeme wako ukishafika kwenye taa, unarudi kwa njia gani?"

"Kwa chuma."

"Chuma kipi?"

"Mkanda wa chini."

"Mkanda wa chini ni vipande. Kimoja kinaishia hapa, katikati ni mbao, kingine kinaanzia kule. Hukuinama ukaona?"

Sikuinama. Lori siinami, lori lote ni chuma. "Basi utarudi kwa maji," nikasema.

"Kwa maji haya ya mvua? Ingekuwa hivyo, ndugu yangu, samaki wote wa Nyasa wangekuwa wanawaka."

Watu wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. Akainama sikioni kwangu. "Mimi si fundi. Lakini boti niliyoendesha zamani, kila taa ilikuwa na nyaya mbili. Mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi."

Nyaya mbili. Kila taa. Ndiyo maana walileta waya mara mbili. Nilitamani shimo linimeze na boti yake. Hapo Priska akasema kutoka ukingoni, kwa ile sauti yake ya darasani, tena hakuwa anacheka, "Lameki, waya wa pili tumeanikia mashuka."

Njombe nzima ikageuka kutazama uani kwa zahanati. Mashuka yalikuwa yananing'inia pale, meupe, yanadondosha maji.

3 Machi

Sikwenda kanisani. Nimejifungia. Yoeli amekuja na kukaa mlangoni bila kukaribishwa, akipigana na meno yake.

Ameniambia habari ya ndoo. Katika ile boti ya zamani alikuwa amembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Dhoruba ikawakuta, wimbi likaingia, nyaya zikalowa, taa zote zikafa. Alikuwa karibu na miamba na hakuona hata pua ya boti yake. Mkunga alizalisha kwa kupapasa. Walifika, mama na mtoto wazima, lakini alisema alipotia nanga alilia mbele ya abiria na hakuona aibu. "Tangu siku hiyo siamini waya ambao haujalowa. Wewe sikuchukii. Nachukia waya mkavu."

Nimekuwa nikimwita kichaa kwa wiki zote hizi. Nimemwambia naomba radhi. Akasema radhi ameipokea, na je, Shangazi ana chai?

5 Machi

Nimepita uani kuomba waya wangu. Akina mama waliniachia baada ya kunitania vya kutosha. Priska alikuwa anakunja mashuka mabichi. "Unatupa zawadi, kisha unakuja kutunyang'anya," akasema. Nikasema nitawatafutia kamba mpya. Akasema, "Tunza huo waya, nitalala chini yake miaka mitatu." Alisema kwa upole. Nikasahau kilichonipeleka, nikarudi na nusu yake tu.

8 Machi

Nang'oa. Naanza upya.

15 Machi

Kila taa nyaya mbili. Kila kiungo nakichomelea kwa risasi ya kuyeyusha, kisha nakifunika kwa nta ya nyuki, ambayo Yoeli ameitafuta sokoni mwenyewe. Betri nimeipandisha juu, maana kwenye lori inakaa chini, na chini ya boti ndiko maji yanakokaa. Jambo hilo nimelifikiria mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Yoeli akasema, "Sasa unaanza kuogopa maji. Vizuri."

Asubuhi anamwaga ndoo, tunatazama pamoja kinachovuja. Nimegundua kwamba namsubiri.

22 Machi

Waya umepungua kidogo, wa taa ya mlingoti. Juzi nilituma salamu kwa madereva wa Makambako. Leo mchana waya umefika, pamoja na maneno: "Mwambieni fundi asianikie nguo." Kumbe habari imefika hadi njia kuu.

30 Machi

Ndoo nne mfululizo. Taa ya wagonjwa inawaka tu. Priska aliingia chini yake akafungua kitabu, akasoma kwa sauti. Akakosea neno, nadhani kwa makusudi. Sikumsahihisha.

6 Aprili, Jumamosi

Imewaka!

Tuliishusha shimoni tena, watu wachache safari hii, wamekuja kwa kucheka, nilijua. Mvua ilikuwa ya mawe. Nikabonyeza moja moja. Nyekundu. Kijani. Nyeupe juu. Kubwa ya mbele ikapiga hadi ukuta wa kanisa. Ya wagonjwa. Yoeli akatuyumbisha makusudi mpaka maji yakaingia kwa ubavu, zikaendelea kuwaka. Wale waliokuja kucheka wakapiga vigelegele. Shangazi Hulda aliwaambia wote kwamba mimi ni wa kwake.

Bwana Daktari akamwuliza Yoeli, "Nahodha, fundi huyu unamtaka ziwani?"

Yoeli akaizunguka boti yote, akagusa kila kiungo kwa kidole. Akasema, "Hapana. Simhitaji."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Nimetafuta kitu kitakachoharibika, sikukiona. Balbu ikiungua nitabadili mwenyewe. Fundi wa kukaa nayo angekuwa wa nini? Angekaa bure."

Bwana Daktari akasema kweli, misheni haiwezi kumweka mtu wa kukaa bure. Akanipa mkono, akanishukuru sana. Yoeli naye akanipa mkono, uso umejaa furaha, anajua amenisifu sana mbele ya watu. Hajui alichofanya. Nimeifunga vizuri mno! Nikaangalia ukingoni, Priska amekwisha kuondoka.

7 Aprili

Sina la kuandika.

9 Aprili

Nilikuwa nafunga mizigo nirudi Makambako, Priska akaingia kwa Shangazi bila hodi.

"Nimesikia unaondoka. Hata kwaheri?"

"Kazi ilikuwa yangu!" nikafoka. "Nimeifanya, na kwa kuifanya nimeikosa!"

"Kumbe unalilia kazi."

"Silii kazi! Nakulilia wewe! Nilitaka kazi ili niende unakokwenda. Nakupenda tangu shule, basi, nimesema."

Shangazi aliacha kumenya viazi. Priska akasema, "Na hilo ukaona lisubiri mpaka boti iishe?" Akanipokonya shati nililokuwa nakunja. "Wiki zote nimekushikia taa, mkono unakufa ganzi. Ulidhani napenda nyaya? Nenda kwa baba. Na usiende peke yako, maana ukianza kujisifu atakufukuza."

Mungu wangu. Mungu wangu.

10 Aprili

Nimemwomba Yoeli awe mshenga wangu. Nilipomweleza yote alijishika kichwa. "Na mimi ndiye niliyekukosesha! Mbona hukuninong'oneza, ningesema unavuja kila mahali!" Nikamwambia asingesema. Akafikiri, akakiri kwamba asingesema.

Mdandu, 13 Aprili

Tumefika kwa Mzee Anania mchana, mimi, mjomba wangu na Yoeli mwenye koti. Nilionywa nisifungue mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote za msimu huu.

Yoeli aliongea vizuri, mpole, kama mtu aliyezaliwa huku. Mzee Anania akasikiliza, akatutolea togwa, halafu akauliza lililokuwa linamkera. "Binti yangu anakwenda ziwani na kazi yake. Kijana wako huko anakwenda na kazi gani?"

"Hana," Yoeli akasema.

Mjomba akakohoa.

"Hana, mzee. Alikuwa nayo mkononi. Lakini nimeishi majini toka utoto, sijaona mtu aliyefanya kazi yake vizuri hata ikamfukuza. Nimeona wengi wanaoacha kasoro kidogo ili waitwe tena. Huyu angeacha kiungo kimoja kibovu angekuwa ziwani leo kwa barua ya misheni. Nilitafuta hicho kiungo, mzee. Nilikitafuta sana."

Niliangalia chini. Machozi yalinitoka na sikuyazuia.

Mzee Anania akalichukua jembe tulilokuja nalo, jipya, la kuposea, akamwita Priska kutoka jikoni. Kwetu msichana akilipokea na kuliingiza ndani, amekubali. Akiliacha mlangoni, tunainuka tunakwenda zetu. Akampa. "Mama, umesikia. Hana kazi. Amua mwenyewe."

Priska akalipokea. Hakuliingiza ndani, na mlangoni hakuliacha. Akalipima uzito, akapitisha kidole kwenye makali, akanitazama kutoka juu mpaka chini kama mtu anayechagua ng'ombe wa kulimia.

"Nahodha," akasema, "Manda wanalima nini?"

"Mihogo, nesi. Na mpunga."

"Basi hana kazi kwa nini?" Akanitia jembe mikononi. "Nitatibu watu, na yeye atalima mihogo. Hili tunakwenda nalo."

Mzee Anania alicheka mpaka akamwaga togwa, na mama yake Priska akapiga kigelegele jikoni. Mimi, Lameki, fundi wa njia panda ya Makambako, ambaye malori ya kutoka Iringa hadi Songea yananiulizia kwa jina, nimekuwa mkulima wa mihogo. Nilipofumbua mdomo kwa mara ya kwanza leo nzima, nilimwuliza Yoeli mihogo inapandwa mwezi gani.